Sentensi ya Pili

Nimeponda kokoto Mtongani miaka kumi na tisa,
naijua sauti ya jiwe kabla halijapasuka.
La machimboni hulia kavu.
La gofuni hulia kwa ndani,
maana lilikuwa hai baharini
kabla ya kuitwa ukuta.

Kondo, mlinzi wa mambo ya kale Kunduchi,
ana filimbi, daftari, na kiti cha miguu mitatu.
Akija mgeni humwambia: msikiti, karne ya kumi na tano,
kisha hunyamaza; kibao kinaishia hapo.
Kutu imekula sentensi ya pili.

Basi niseme mimi.

Walikata tumbawe lingali bichi, laini kama muhogo wa kuchemsha,
wakalichonga, wakaliachia jua likaze.
Chumba kikawa chembamba kadiri ya boriti:
mkoko haurefuki kwa kumhurumia mtu,
hata safu ya swala ilipimwa kwa mti.
Hakuna aliyeandika jina lake.
Ila kiblani, chini, mkono wa kushoto,
pana alama ya kidole gumba kwenye lipu.
Niliweka changu pale. Chake kidogo.
Labda mtoto. Labda mwanamke,
na hilo halikuwamo kibaoni hata kabla ya kutu.

Kisha kisima kikaingia chumvi.
Hawakufukuzwa na mtu, alisema mama,
walichoka kunywa bahari.
Adhana ya mwisho wakaitikia popo.

Mlango ulitangulia kuondoka.
Sahani za Uchina kwenye nguzo za makaburi
zikabanduliwa moja moja; yamebaki matundu ya duara,
macho yaliyong'olewa na bado yanatazama.
Mzungu mmoja alichukua mbili, akaacha risiti.
Waliomfuata hawakuacha kitu.

Na babu yangu, Pazi Mwinyikombo, alikwenda usiku na toroli.
Mawe kumi na mawili.
Ndiyo msingi wa choo chetu.
Masika yale makubwa vyoo vya majirani vilikwenda na maji,
chetu kikabaki kimesimama peke yake kama mnara,
na bibi akasema: "Nyumba ya Mungu haianguki,
hata ukiichutamia."
Tulicheka mpaka tukakaa chini. Babu hakucheka.
Alipokuwa anakata roho alitaka yarudishwe.
Nani abomoe choo, na watu wa msiba wako njiani?

Juzi lori lilimwaga mawe ya kuponda,
kokoto za hoteli, haraka, kwa ndoo.
Nikainua nyundo, nikagonga moja.
Likalia kwa ndani.

Nililifunga kwenye kanga, nikampelekea Kondo.
Akafungua daftari lake.
Kuna safu ya vilivyoibwa, imejaa mpaka pembeni.
Vilivyorudi havina safu.
Akaniandika kwa wageni: Siwema Pazi, wa Mtongani,
sababu ya kuja —
akaitafuna kalamu, akaacha wazi.

Tukazunguka ukuta mzima tukilijaribu.
Kila pengo lilikuwa kubwa mno, au dogo mno,
au lilikwishapata mjusi wake.
Tukaliweka chini tu, karibu na kile kidole.

Asubuhi nilipopita kwenda kazini
mbuzi wa mtu alikuwa amelipanda,
anatafuna, ameelekea kibla.