Miche Minne

Sheria inasema minne, basi minne.
Nilihesabu kwa vidole, gumba nikalikunja.
Mbegu nilizilaza kwenye karatasi yenye unyevu,
juu ya jokofu, penye joto kidogo,
kando ya sanamu ya Bikira na vidonge vyangu vya mgongo.
Mama Eulalie akaona kimkia cheupe kimechomoza,
akapiga ishara ya msalaba,
akaondoka na sufuria yake.

Nimerudi kutoka Alberta na uti wa mgongo uliopigwa na bomba la chuma.
Miaka kumi na mmoja nikichimba mafuta ya watu.
Siku mbili nilikuwa mgeni hapa Ghuba ya Mtakatifu Maria;
ya tatu, jembe,
bila neno.

Usipande, akasema jirani yetu Alphée, kabla mwezi wa Juni haujajaa:
jalidi ya Nova Scotia haina adabu, huingia bila hodi.
Yeye mwenyewe alipanda Mei. Asubuhi moja miche yake ikalala chini,
myeusi kama mboga iliyosahaulika motoni.
Mimi nikangoja.
Nikachimba mashimo manne nyuma ya banda la mitego ya kamba-mawe,
nikatia mwani uliooza, samadi ya kuku, maganda ya kome niliyoyaponda kwa nyundo,
kisha mgongo ukanikatalia, nikabaki nimepiga magoti.
Mpita njia angedhani nasali.

Julai ilikuwa mkopo usio na riba.
Jua tangu alfajiri hadi saa tatu usiku,
na miche inakunywa, inapanda, inanipita kifua.
Kila asubuhi, kahawa mkono mmoja, koa mkono wa pili:
nawang'oa kwenye majani, nawatumbukiza ndani ya bia ya jana.
Paa wa msituni nikawafukuza kwa sabuni
iliyoning'inia kwenye soksi kuukuu za baba.

Ni Agosti ndipo mmoja ulipojifichua:
vifuko viwili chini ya kikonyo. Dume.
Ukiuacha upasuke, chavua yake itaijaza mingine mbegu tupu.
Nikaung'oa na mizizi yake.
Mama alikuwa dirishani.
"Hata huko," akasema, "dume ndiye mharibifu?"
Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya bustani ile,
na baba aliondoka nikiwa darasa la pili,
kwa hiyo nilicheka taratibu, kwa tahadhari ya mbavu.

Mitatu ikafunga maua.
Harufu ikavuka ua: limau, kicheche, dizeli kidogo.
Padri alipita akimpelekea mgonjwa komunyo,
akasimama, akavuta pumzi ndefu kuliko ilivyohitajika,
akaendelea na safari.

Kisha Septemba, na ukungu.
Jina moja, kazi mbili:
ule unaopanda kutoka baharini ukameza nguzo za umeme,
na ule wa kijivu unaozaliwa ndani ya ua nono,
ukalila kimyakimya kutoka moyoni.
Nikakata kwa mkasi mpaka vidole vikagandana kwa utomvu.
Theluthi nzima ikaenda motoni.

Usiku redio ilipotangaza jalidi
nilikuwa kitandani, mgongo umefunga kufuli.
Nikausikia mlango wa nyuma. Nikadhani paka.

Kulipokucha, bustanini walisimama watu watatu weupe:
shuka mbili za arusi yake,
na kitambaa cha meza cha Pasaka kilichotariziwa na bibi,
vimebanwa kwa vibanio vya nguo, pindo limefika chini,
juu yake barafu nyembamba kama sukari.
Nyayo zake zilikwenda, zikazunguka kila mmoja, zikarudi.

Mezani akanimiminia chai.
"Zimebaki siku ngapi?"
"Kumi."
"Shuka zangu nazitaka zimefuliwa. Zisinuke."

Zimefuliwa mara tatu.
Bado zinanuka.
Anazilalia.