Magitaa Mawili Kitandani

Mihayo kashuka na treni ya alfajiri,
mkononi sanduku refu kama la kubebea bunduki.
Nikamuuliza, mwanangu, umeua nani?
Akacheka. Akafungua bizimu tatu.

Ndani, kwenye manyoya mekundu,
limelala gitaa langu.

Si langu. Langu liko ukutani hapa Gongoni,
limening'inia msumari uleule tangu nilipoacha dansi.
Lakini umbo ni lile, pembe mbili zilezile,
rangi ileile ya asali iliyoungua pembeni,
hata mikwaruzo, jamani, hata mikwaruzo
pale kiwiko kinapoegemea.
"Wanayatengeneza upya kwa ramani ya zamani," asema.
"Kiwandani wana mtu kabisa wa kuyachakaza."

Mtu wa kuyachakaza!
Anaamka, anakunywa chai, anamuaga mkewe,
anakwenda kukwaruza magitaa mapya
alipwe mwisho wa mwezi.
Langu nililichakaza bure,
miaka kumi na tisa, Jumamosi kwa Jumamosi,
na zipo tulizorudi kwa miguu kutoka Isevya
tukidaiwa bia.

Tukayalaza kitandani bega kwa bega.
Nikaanza kulinadi langu kama mwenye ng'ombe mnadani:
hili halisi, hili orijino.
"Na ufunguo huu wa nne, mbona mweusi?"
Huo ulitoka kwenye mandolini ya Mgoa mmoja wa reli.
"Na kiraka hiki cha shingo?"
Mninga. Alichonga Kasanda, fundi majeneza,
baada ya mlevi kulikanyaga kule Nzega.
"Daraja?"
Spoku ya baiskeli.
"Hiki cheupe kinachoshika nyuzi?"
Mfupa wa ng'ombe. Supu yake tulikunywa kwanza.
Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza.
Nusu ya orijino yangu ni Tabora.

Usiku, umeme uliporudi,
Nyanzala mkwe wangu akanifunga kitenge machoni.
Baba, sikiliza, kisha uchague.
La kwanza likatoa sauti nene,
ya mtu aliyevuta tumbaku bila kupumzika,
na chini yake mvumo, kama mzinga wa Sikonge
ambao haujarinwa.
La pili likanikata.
Hilo! nikasema. Hilo ndilo langu!
Ndivyo lilivyolia siku nilipolitoa dukani kwa mkopo
na mama akadhani nimeuza baiskeli.
Nilikuwa nimeiuza.

Kitenge kikafunguliwa.
Mapajani mwa Nyanzala, jipya.

Sikulala vizuri.
Langu limezeeka nami, sikulisikia likizeeka;
sumaku zimechoka polepole, kama macho,
hujui umeacha kusoma maandishi madogo
mpaka mtoto akusomee.
Zamani lilikuwa kali, la kijinga, lenye majivuno.
Mimi nimesahau. Mgeni huyu amekumbuka,
naye hajawahi hata kuingia ukumbini.

Kulipokucha Mihayo akaanza kuzunguka maneno.
Baba, kama hutajali, wenzangu wa bendi
wanaitafuta sauti hii ya uchovu,
dukani haipatikani.
Ana miaka ishirini na sita, anatamani uchovu!
Mimi sabini na mbili, ninachotaka ni wembe.
Nikalitoa msumarini mwenyewe,
nikamwonya: ufunguo wa nne unateleza,
uupake sabuni ya kipande, usiukaze kwa hasira.

Limeondoka na treni ya jioni.
Ukutani limeacha umbo lake,
chokaa safi katikati ya chokaa iliyofubaa.
Jipya silitundiki pale.
Linakaa kitini, na mimi mkekani,
vidole vinauma, jirani analalamika.

Jana, nikiligeuza, likagonga ukingo wa meza.
Rangi ikabanduka, kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho.
Nikakipapasa kidonda, mbao mbichi, kinakereketa.
Mikwaruzo mingine yote nimeikuta.