Baiti ya Saba

Kampuni ilifilisika mwezi wa Machi.
Seva ikazimwa, programu ya simu ikabaki inazunguka
kama ngamia wa kinu,
na vali nne za radieta kule Liepāja, kwa mama,
zikawa yatima: nzima, ila hazina wa kumjibu.

Nikaja na basi la jioni,
kompyuta mapajani, antena ndogo kama njiti ya kiberiti.
Mfumo wangu unaelewa taa, mapazia, kengele ya mlango;
lugha hii haujaisikia bado. Basi nitaufundisha.

Kwanza kusikiliza. Kila dakika nne
vali hutamka baiti kumi na moja, kisha kimya.
Naifumbata kiganjani ipate joto, nasubiri, naandika kwa penseli:
ya tatu ni joto, limezidishwa mara mbili.
Ya tano, betri.
Ya mwisho ni jumla ya kuhakiki, iliyonigomea usiku kucha
hadi nilipong'amua kwamba wao huanza kuhesabu na moja, si sifuri.
Wahandisi hao, popote walipo, Mungu awape kazi nyingine.

Alfajiri vali ya jikoni ikatii.
Niliiambia ishirini; ikanguruma
kama paka aliyeamshwa, bomba likaanza kupata moto.
Nikajipigia makofi, polepole, mama asiamke.

Ilibaki baiti ya saba.
Sebuleni sifuri. Jikoni sifuri. Bafuni mbili.
Chumbani kwa mama: mia moja arobaini na tatu.
Kwenye msimbo nikaiita "haijulikani", nikaendelea.

Usiku wa pili, saa tisa na dakika kumi,
skrini ikasema: mia moja arobaini na nne.
Na ukutani, upande wa pili,
nyayo za soksi,
kitasa kikilia tik, tik, tik.

Kumbe inahesabu mkono.
Mimi, nikiwa Riga, nilimpangia digrii kumi na saba za kulalia,
kwa sababu ya bili.
Kila Jumapili nikimuuliza, "Joto linatosha, mwanangu,"
halafu gizani anaamka
kunisahihisha kwa vidole vyake vyenye yabisi.

Nikafuta "haijulikani".
Nikaandika kanuni moja, fupi:
ikiongezeka usiku, usiulize.
Panda digrii tatu, na usishuke tena.

Asubuhi ananimiminia chai.
Radieta zimepona, mama, namwambia,
sasa zinaongea.

Mama Velta anaweka birika chini.
"Zimesema nini?"