Toleo la Kumi na Nane

Kanda arobaini, kila moja na jalada lake
alilolikata Tuulikki kwa mkasi wa kushonea,
mezani jikoni, Tampere, theluji ikiziba dirisha.
Kutwa hufua mashuka ya hospitali;
usiku yeye ndiye kampuni nzima:
mkurugenzi, karani, tarishi.

Toleo jipya ni la Ilpo.
Upande wa kwanza, friji ya marehemu mamake:
inaguna, inakohoa, inanyamaza, inaanza upya,
dakika ishirini na mbili.
Redio ilijibu: friji tunazo.
Duka moja lilichukua tatu,
likazipanga karibu na betri.

Zimeuzwa kumi na moja.
Mnunuzi wa Oulu kaandika kwa hasira:
upande wa pili mtupu, nirudishie pesa.

Tuulikki akatia kanda, akavaa hedifoni,
ingawa anaijua.
Friji imeshachomolewa.
Nyumba imebaki na saa ya ukutani
na mtu anayepumua
kama anayejizuia.

Pesa akarudisha, senti kwa senti.
Ndani ya bahasha, kikaratasi:
Si mtupu. Ongeza sauti.
Kanda baki nayo.