Sekunde ya Kumi na Moja

Nachomeka kebo chini ya usukani,
kwenye tundu ambalo wenye magari wengi hawalijui,
na Volvo ya Taneli Ylikoski inaanza kuungama.

Inasema namba tu, haina kituo wala pumzi:
mizunguko kwa dakika, joto la maji, joto la hewa,
msukumo wa turbo, mara ishirini kila sekunde,
kama mtoto aliyetumwa dukani
anayerudia orodha njiani asije akasahau.

Nje ni Februari ya Kauhajoki,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
mlango wa gereji umegandia kwenye fremu.
Taneli anakunywa kahawa wima, glavu hajazivua.
"Inakata," ananiambia. "Ikifika elfu tano na mia mbili, inakata.
Nimebadilisha plagi. Nimebadilisha koili. Pampu mpya.
Nimekula pesa ya paa la sauna."

Akaniachia kumbukumbu za mbio tatu za Jumapili,
akaenda zamu ya usiku, kiwanda cha maziwa.
Nikabaki na mistari.

Mwekundu ni mizunguko: hupanda, gia, huanguka,
hupanda tena, meno ya msumeno.
Wa kijani ni hewa kwa petroli, na huo ndio wa kuogopwa:
petroli ikipungua turbo ikiwa inasukuma,
pistoni huyeyuka kama siagi
na dereva husikia wakati hakuna tena cha kusikia.
Natafuta injini inapogonga. Haigongi.
Natafuta petroli iliyopungua. Haikupungua.
Hata saa sita ya usiku
nimeshaishuku sensa, nimeishuku kebo,
nimezishuku hesabu zangu mwenyewe za mwaka juzi.

Ndipo nilipozilaza mbio tatu moja juu ya nyingine,
kama karatasi za vipimo za mshonaji,
nikawasha mstari ambao sikuwa nimeuomba,
mweusi, wa kanyagio la petroli.

Huo hauna habari ya chuma.
Una habari ya kiatu.

Sekunde ya kumi na moja:
mia, mia, mia, themanini na tatu, mia.
Mbio ya pili, palepale: sabini na tisa.
Ya tatu: themanini na moja.
Kupepesa jicho, na kidogo zaidi.
Injini haikukata. Iliambiwa.

Ni kona ya pili, kijito kinapoingia ziwani,
barafu inapokuwa nyeusi.
Msimu wa nne nyuma, mimi nikiwa nimeshika saa,
gari lilizama pale hadi madirishani.
Tulimvuta Taneli kwa kamba. Midomo ya buluu, anacheka.
Sikuogopa, alisema. Alisema hivyo hadi kiangazi.

Aliyeumwa na nyoka hushtukia ung'ongo.
Huku hatuna ung'ongo; tuna barafu,
na mguu wa kulia unaokumbuka
mambo ambayo mdomo umekwisha kuyakana.

Saa kumi na mbili alfajiri aliingia, ananuka maziwa.
Nikampa karatasi. Sikuizungushia duara.
Akaitazama hadi theluji ya mabegani ikawa maji.
"Sensa ya kanyagio imekufa?"
"Nzima."
Mtambo wa joto ukanguruma, ukanyamaza.
"Unaweza kuliamuru gari lisinisikie? Pale tu?"
Naweza. Ni mistari miwili ya programu.
"Sifanyi," nikasema.
Akaikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya glavu.

Jumapili iliyofuata alileta kumbukumbu bila kuulizwa.
Sekunde ya kumi na moja: arobaini na sita.
Aliinua mguu mapema, akauinua hasa, kwa kusudi,
kama mtu anayevua kofia mlangoni,
na kona ileile akaipita
haraka kuliko siku zote, kwa theluthi ya sekunde.

Sikumsifu. Nilichora tu.
Paa la sauna bado linavuja.