Mko Wangapi?

Kijana wa duka, Mutinda, jina limebandikwa kifuani,
aliuliza swali jepesi:
"Mko wangapi nyumbani, mama?"
Nikasema wanne.
Akatupeleka kwenye friji za watu wanne.

Pale Barabara ya Digo, ndani mna baridi ya kukodi,
friji zimesimama safu, mikono kifuani,
nyeupe, za fedha, na moja nyeusi ya kioo
iliyomwonyesha Twalib sura yake
na Twalib akaipenda papo hapo.
Ina bomba la maji mlangoni. Haigandi barafu.
"Haigandi kabisa," Mutinda akarudia, kama aitikiaye dua.
Nikamwuliza: sasa isipoganda,
barafu za ukwaju nitaziuza zikiwa uji?
Akacheka. Akaeleza. Nikaelewa nusu.

Mkobani nilikuwa na kamba ya suruali ya Nassor,
nimeipiga mafundo matatu:
la kwanza upana wa mlango,
la pili ngazi pale inapokata kona,
la tatu baina ya meko na ukuta.
Nyumba ya Kibokoni haikujengwa ikingojea friji.
Ile nyeusi ililipita fundo la pili kwa shubiri nzima.
Twalib akasema tutaivuta kwa nje, tuipitishe roshani.
Sikumjibu. Mume wangu hujibiwa na bei.
Nikakigeuza kile kikaratasi. Akanyamaza.

Ndipo nikaanza kuhesabu upya.
Wanne, ndiyo: mimi, yeye, Thureya, Nassor.
Lakini ile ya zamani, Mola airehemu,
mlango wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
rafu ya juu haikuwa yetu.
Insulini ya Bi Khuzaima wa chini,
ndani ya kikombe cha chai kilichokatika mkono.
Maziwa ya Kadzo wa darini,
aliyojikamua alfajiri kabla ya kwenda kazini,
vichupa vyenye tarehe, mwandiko wa wanja wa nyusi.
Changu wa Mzee Feruzi, kavikwa gazeti,
hajulikani atatoka lini.
Na msiba ukitokea mtaani haulizwi mtu:
mlango unasukumwa, chupa za maji zinaingia,
maziwa yetu yanatoka kuketi sakafuni.
Ramadhani siisemi.
Ramadhani friji haifungiki.

"Lita mia mbili zawatosha, mama."
Ngoja, mwanangu. Bado nahesabu.

Tukachukua nyeupe, si ndefu, tumbo pana,
friza chini, droo tatu,
na ufunguo ambao najua utapotea kabla ya mfungo.
Zile nyota za umeme zilizobandikwa sikuzifahamu.
Niliuliza moja tu: stima ikipotea, itashika baridi saa ngapi?
Kwetu hilo ndilo swali. Rangi ni mapambo.
Twalib alilipa nusu.
Nusu ililipwa na mabuyu na barafu za shilingi kumi kumi,
miaka miwili ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Wapagazi wawili. Ngazini ikakwama:
fundo lilisema itapita,
ila fundo halikuhesabu vidole vya watu.
Mlango ukang'olewa, ukatangulia peke yake juu
kama posa inayomtangulia bi harusi.
Msiiwashe, fundi akasema. Iacheni isimame, gesi itulie,
mpaka baada ya Isha.

Isha bado. Insulini imo mtungini,
kikombe kimezama nusu katika mchanga mbichi.
Tumekaa twaitazama inavyonyamaza,
rafu tupu, taa haijawaka, yanuka plastiki.
Nassor ameuliza rafu yake ni ipi.
Kabla sijamjibu, ngazi zimelia,
makubadhi ya mtu apandaye polepole, apumzikaye kila kidato,
na sauti kutoka konani:
"Imeingia? Haikuwachubua?
Nimekuja na kikombe kipya.
Hiki kina mkono."