Jemeli Aliuliza

Nyuma ya duka la simu, Nakuru, Section 58,
nilichanganya maji ya mvuke kwa bomba la sindano:
glaiserini hadi mstari huu, nikotini hadi ule,
kisha matone ya kidumu cheusi kisicho na jina
ambacho Gathungu hukileta usiku ndani ya mfuko wa unga.
Lebo nilizichapa mwenyewe. Embe Bivu. Siagi Tamu.
Embe lenyewe halikuwahi kukanyaga chumba kile.

Sikuona haya. Nani huuliza?
Wateja huuliza bei. Huuliza wingu lake ni kubwa?
Basi.

Ndipo akaja Jemeli, anasomea uuguzi,
koti jeupe kalikunjia kwapani.
Akaigeuza chupa, akaigeuza tena
kama anayetafuta mshono wa ndani wa nguo.
"Humu mna nini?"
Ladha, nikasema.
"Ladha ni nini?"
Ni ile ile ya keki, dada. Mbona watoto wanaila.
"Wanaila," akasema. "Tumbo lina mlango wa nyuma.
Pafu lina mlango mmoja tu,
kinachoingia kikikataa kutoka, kimekuwa mwenye nyumba."

Hakununua. Aliiacha chupa kaunta, imelala ubavu,
na kiputo kimoja cha hewa kikitembea ndani yake
huku na huku, hakijui juu ni wapi.

Baba alipakia pareto kiwandani miaka ishirini na mitatu.
Jioni alirudi na vumbi la maua kwenye nyusi,
akapiga chafya saba, nane, sisi tukihesabu na kucheka.
Kopo moja la dawa bado liko juu ya kabati.
Usiku ule nililishusha.
Kutu imeila picha ya mende, imeila bei,
haijaigusa hesabu: sumu sehemu ngapi katika mia;
ukiivuta, toka nje upate hewa;
ukiimeza, kimbilia hospitali na kopo hili mkononi.

Mende aliandikiwa yote hayo.

Asubuhi nikamuuliza Gathungu, kidumu kina nini?
"Kina kodi yako ya nyumba," akajibu, akaendelea kuhesabu noti.

Nikachukua kalamu. Chupa arubaini, kwa mkono:
Glaiserini. Nikotini.
Na kitu nisichokijua.

Mteja wa kwanza alisoma mpaka mwisho,
midomo ikitembea polepole,
akainua macho, akaniuliza
kama wingu lake ni kubwa.